Pointi za leseni Uingereza: miaka miwili ya kwanza ndiyo inayotumaliza

Mzee wa Kitonga (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika uzi huu kwa ndugu zetu walioko Uingereza na wale walio njiani kuja, hasa wanaotegemea usukani kupata riziki. Juzi kijana mmoja wa nyumbani alinipigia simu usiku. Ana leseni ya hapa miezi kumi na minne tu, na imefutwa. Alidhani akishalipa faini yameisha. Mimi yalinikuta hayohayo, kwa kosa ambalo nyumbani nilikuwa nalifanya mbele ya trafiki na wala hageuki.

Nilikuja huku na miaka 14 ya usukani. Nimeendesha Fuso Dar hadi Mbeya, Kitonga nimeipanda na kuishuka na mzigo, usiku, mvua inanyesha. Leseni ya Tanzania unaitumia hapa miezi 12 tangu uanze kuishi, kisha basi. Wenzetu wa Afrika Kusini na Zimbabwe wanabadilishiwa ya kwao wakapewa ya hapa. Mtanzania, Mkenya na Mganda anaanza upya na leseni ya lena, yaani ya mwanafunzi, anafanya mtihani wa nadharia, halafu wa barabarani. Nilifaulu Machi 2021. Asubuhi ile kuna binti alifaulu kabla yangu kituo hichohicho, ana miaka kama 17 hivi, mama yake anampiga picha. Mbele ya sheria mimi na yule binti tulitoka pale tuko sawa kabisa: madereva wapya, miaka miwili ya kuangaliwa. Fuso yangu na Kitonga yangu havikuandikwa popote.

Sheria ya madereva wapya ni ya 1995, ikaanza kutumika Juni 1997. Ukifikisha pointi 6, yaani alama za makosa zinazoandikwa kwenye rekodi ya leseni yako, kwa makosa uliyofanya ndani ya miaka miwili tangu ufaulu mtihani wako wa kwanza, leseni inafutwa. Dereva wa siku nyingi yeye anavumiliwa mpaka pointi 12 ndani ya miaka mitatu, ndipo anapelekwa mahakamani na kufungiwa miezi 6 au zaidi. Sisi wapya ni nusu yake, na hakuna wa kumbembeleza. Taarifa ikishafika DVLA, mamlaka ya leseni kule Swansea, wanafuta. Sheria haikuwapa nafasi ya kusikiliza kwamba una watoto au una kazi.

Sasa tazameni hizo 6 zilivyo karibu. Simu mkononi ni 6 kwa mkupuo, na pauni 200; imekuwa hivyo tangu Machi 2017. Gari bila bima ni 6, na pauni 300. Kutojibu barua inayouliza nani alikuwa anaendesha ni 6. Kosa moja tu kati ya haya, umerudi kwenye lena. Mwendokasi wa kawaida ni 3 na pauni 100, taa nyekundu vivyo hivyo, kwa hiyo yakikutana mawili hesabu imetimia.

Yangu ilikuwa Novemba 2022, mwezi wa 20 tangu nifaulu. Naendesha vani ya mizigo, foleni imesimama kwenye matengenezo ya barabara, taa nyekundu, mvua. Mdogo wangu alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti kuhusu mama, aliyekuwa amelazwa. Nikaitoa simu kwenye kishikio, nikaiweka sikioni. Gari halijasogea hata hatua moja. Nikasikia kitu kinagonga kioo cha kulia, kumbe ni kidole chenye glavu iliyolowa. Askari wa pikipiki, alikuwa amepita katikati ya magari nami sikumwona. Nilipoteremsha kioo, simu bado inaongea mkononi mwangu, sauti ya mdogo wangu inasikika mpaka nje.

Hakunifokea. Aliniambia kusimama kwenye taa au kwenye foleni ni kuendesha, ilimradi uko barabarani. Mwaka ule ule mwezi Machi walikuwa wameikaza sheria, sasa hata kuigusa tu uangalie saa au uruke wimbo ni kosa kama umeishika. Akaandika, nikamuuliza nalipia wapi. Akasema barua itakuja nyumbani.

Barua ikaja. Inasema ukikubali, lipa pauni 200 na upokee pointi 6, ukikataa nenda mahakamani. Nililipa usiku huohuo kwa kadi, nikalala nimetulia, kwa sababu kichwani mwangu bado nilikuwa Tanzania. Nyumbani ukiandikiwa elfu thelathini yako unalipa kwa kontroo namba, gari likiangaliwa halidaiwi, mmemalizana na serikali. Kumbe huku pesa na pointi ni vitu viwili. Pesa nililipa ile siku. Pointi hazilipiki. Zinangoja muda wake upite, hakuna njia nyingine.

Wiki kadhaa baadaye ikaja bahasha ya Swansea. Leseni yako imefutwa kuanzia tarehe fulani. Niliisoma nimesimama mlangoni, buti za kazi mguuni.

Kazini walinipanga ghalani mwezi mmoja, kisha wakaniambia hawana nafasi ya mtu asiyeendesha. Nikaomba lena tena, nadharia pauni 23, barabarani pauni 62, na hayo ni madogo. Kubwa ni kungoja. Foleni ya mitihani ilikuwa ndefu tangu korona na mimi nilikaa karibu miezi mitano. Muda wote huo naendesha na kibandiko cha L chekundu mbele na nyuma, mke wangu kaketi pembeni kunisimamia kwa sababu yeye ana leseni ya zaidi ya miaka mitatu. Kila Jumamosi tukitoka sokoni ananifungia kile kibandiko cha nyuma, maana sumaku yake ilikuwa imelegea na kinadondoka.

Nilipofaulu tena, zile 6 zilikuwa bado zipo. Kufaulu upya hakuzifuti. Zinakaa kwenye rekodi miaka minne tangu tarehe ya kosa, na za ulevi miaka 11 tangu hukumu. Bima yangu ilipanda zaidi ya mara mbili, na kampuni nyingi zinakuuliza makosa ya miaka mitano. Nafuu moja tu ipo: ukishafutiwa mara moja na kufaulu upya, ile miaka miwili ya uangalizi hairudi. Unahesabiwa kwa 12 kama wengine.

Nitajibu maswali kadiri ninavyojua. Mwenye uzoefu wa nchi nyingine aongezee.

Binti Chaani

Asante sana kaka, na pole. Mimi niko Cardiff, nina miezi minane na leseni. Huku Wales tangu Septemba 2023 mitaa mingi ya makazi ni maili 20 kwa saa, na ukitoka England unasahau kabisa. Nimepata barua ya mwendo wananipa nafasi ya kwenda darasani badala ya pointi. Ni kweli au ni mtego?

Mzee wa Kitonga

Ni kweli dada yangu, kubali leo hiihii. Darasa hilo unalipia mwenyewe, saa chache tu, siku hizi mara nyingi ni kwa kompyuta ukiwa nyumbani, na huandikiwi pointi hata moja. Wanampa mtu aliyezidisha kidogo. Kwenye maili 30, kwa kawaida ni aliyepigwa tochi kati ya 35 na 42. Ukizidi hapo ni pointi, na ukizidisha sana unakwenda kwa hakimu ambaye anaweza kukupa 4 mpaka 6 au akufungie kabisa, na faini inapimwa kwa mshahara wako wa wiki.

Ila ukishahudhuria, hupewi nafasi hiyo tena mpaka ipite miaka mitatu. Kwa hiyo umebaki huna mto wa kuangukia. Na usichelewe kujibu ile karatasi ya kumtaja dereva, una siku 28. Nimeona mtu mwenye kosa la pointi 3 akiiacha barua juu ya friji, ikageuka kuwa 6.

Shukuru wa Kahama

Mkuu, na kama barua imechelewa? Nimesikia isipokuja ndani ya siku 14 kosa limekufa.

Mzee wa Kitonga

Hizo siku 14 ni za kumfikia mwenye gari aliyesajiliwa, na ni kwa makosa ya kamera. Askari akikusimamisha na kukuambia palepale, habari ya barua haipo tena. Gari likiwa la kazini au la kukodi, barua inakwenda kwa kampuni kwanza, wao wanakutaja, ndipo inakuja kwako hata baada ya mwezi, na bado ni halali. Ukihama nyumba bila kubadili anwani kwenye kitabu cha gari, barua itakwenda kwa mpangaji mpya na lawama ni zako. Wengi wetu tunahama kila mwaka. Badilisheni anwani, haina malipo.

Mama Nuru

Kaka Mzee wa Kitonga, naomba niulize jambo la ndani kidogo. Shemeji yangu ana pointi 9, ni dereva wa teksi. Amepigwa picha tena na kamera. Mume wangu ananiambia niandike mimi ndiye nilikuwa naendesha, kwa sababu mimi leseni yangu ni safi na gari ninalitumia mara moja moja. Anasema ni kumsaidia ndugu. Mimi moyo hautaki.

Mzee wa Kitonga

Dada, sikiliza moyo wako, usiandike. Nakusihi kama ndugu yako.

Pointi zenyewe si kitu. Kusaini uongo kwenye karatasi ile ni kupotosha haki, na watu wanafungwa jela kwa hilo. Mfano mkubwa ni Chris Huhne. Alikuwa waziri wa nishati wa nchi hii. Mwaka 2003 alipigwa picha ya mwendokasi, mkewe wa wakati huo, Vicky Pryce, akazibeba pointi. Pointi tatu tu. Miaka ikapita, ndoa ikavunjika, siri ikatoka magazetini. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa miezi minane kila mmoja. Waziri mzima, na mkewe mchumi mwenye jina lake. Kwako wewe, kama unaishi kwa viza, hukumu ya jela inaweza kukuondoa nchini na watoto wako.

Shemeji aende mahakamani akajieleze. Kuna kitu hakimu anaruhusiwa kukisikiliza, kwamba kufungiwa kutaleta dhiki isiyo ya kawaida, hasa kwa watu wengine wanaomtegemea. Lazima alete ushahidi, barua ya mgonjwa anayemhudumia, mikataba, hesabu za nyumba. Akikubaliwa mara moja, sababu hizohizo haziwezi kutumika tena ndani ya miaka mitatu. Hakuna uhakika, ila ni njia halali, na wapo madereva barabarani leo wenye zaidi ya pointi 12 kwa njia hiyo.

Mama Nuru

Nashukuru kaka. Nitamwonyesha mume wangu hapa ulipoandika.

Jabali wa Ukonga

Mleta uzi nakuheshimu na pole kwa yaliyokukuta, lakini hapa ndipo tunapotofautiana. Mfumo huu unasifiwa kwamba ni wa haki kwa sababu tajiri na maskini wote wanapata pointi sawa. Si kweli. Mwenye kazi ya ofisini akifungiwa miezi sita anapanda treni. Dereva wa vani akifungiwa, chakula kimekatika. Halafu mwenye pesa analeta wakili wa hiyo dhiki, sisi tunalipa faini usiku kwa kadi kama ulivyofanya. Afadhali faini peke yake, mtu ajue deni lake na alimalize.

Mzee wa Kitonga

Mkuu, hoja yako ina uzito na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Mimi ningetaka dereva mpya apewe walau nafasi ya darasa kabla ya kufutiwa kwa kosa moja. Na wakili, ndiyo, mwenye pesa anapata anayejua kusema.

Lakini faini peke yake nimeiishi. Nimeendesha barabara ile ya Mbeya miaka mingi, kila kijiji kibao cha 50 na tochi imejificha nyuma ya mti. Tulikuwa tunapiga hesabu ya faini pamoja na mafuta na chakula, iko kwenye bajeti ya safari. Tajiri mwenye lori akisema wahi, unawahi, tochi atalipa yeye. Na deni linalifuata gari. Dereva akihamia gari jingine anaanza ukurasa mweupe, hata kama jana alipita lori mbele ya lori kwenye kona. Pointi zinamfuata mtu. Tajiri hawezi kunibebea, na ndiyo maana huku dereva anathubutu kumwambia bosi wake kwamba hapo siwezi kukimbia. Mimi mwenyewe nimemwambia hivyo na akanyamaza. Nyumbani nisingeweza.

Jabali wa Ukonga

Hilo la bosi sikuwa nimelifikiria. Hapo nimekuelewa.

Abu Salma DXB

Salaam kutoka Dubai. Huku tunaziita pointi nyeusi, na kikomo ni 24, zikijaa leseni inachukuliwa miezi mitatu kwa mara ya kwanza. Taa nyekundu kwa gari dogo ni dirham 1,000, pointi 12 na gari linazuiwa siku 30. Yaani taa mbili umekwisha. Simu ni dirham 800 na pointi 4. Kuna jambo moja zuri: shule zikifunguliwa mwezi wa nane wanatangaza siku ya kutokuwa na ajali, ukiahidi kwenye tovuti yao na ukaendesha siku hiyo bila kosa wanakupunguzia pointi 4. Vijana wetu wa pikipiki za chakula wengi hawalijui. Waambieni.

Mzee wa Kitonga

Shukrani sana Abu Salma. Huku hakuna kupunguziwa hata moja kwa wema, ni muda tu. Ufaransa nao wana utaratibu wa kurudisha: unaanza ukiwa na pointi mkononi, unakatwa, na unaweza kulipia mafunzo ya siku mbili ukarudishiwa baadhi.

Kepha wa Kisii

Ndugu, mimi bado naendesha na leseni ya Kenya, nina miezi saba hapa. Rafiki yangu anasema mwenye leseni ya nje hawezi kupewa pointi kwa sababu hawana pa kuziandika. Pia nataka kuazima gari lake wikendi, lina bima kubwa kabisa.

Mzee wa Kitonga

Rafiki yako anakupoteza mara mbili, Kepha.

Pointi utapewa. Wanakufungulia rekodi kule Swansea kwa jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, zinakaa humo zinakusubiri. Siku utakapopata leseni ya hapa utakuta zimo, na ukiongeza nyingine zikafika 6 ndani ya miaka yako miwili, imefutwa.

Bima ndiyo inayowamaliza Waafrika Mashariki huku kuliko kitu chochote. Nyumbani bima ni ya gari, kibandiko kikiwepo yeyote anaendesha. Hapa kwa kawaida inamtaja dereva. Hata iwe bima kubwa namna gani, kama haikuhusishi wewe huna bima, na askari akikusimamisha anaweza kuangalia na kujua. Wewe utapata 6, rafiki yako naye anaweza kupata zake kwa kukuruhusu, na gari linapakiwa kwenye lori la polisi mbele yenu. Nunua bima ya siku moja kwa jina lako, inapatikana kwa simu dakika kumi, na hakikisha wanakubali leseni ya Kenya.

Na matairi. Kina cha mifereji kisipungue milimita 1.6. Chomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji. Ukiuona ule ukingo wa nje wa sarafu, tairi limekwisha. Kila tairi ni kosa lake, pointi 3, na faini inaweza kufika pauni 2,500.

Mpare Mwema

Mkuu, mimi nimesoma uzi wote jasho linanitoka. Nilifaulu tarehe 14 Juni 2023. Nina pointi 3 za mwendo za mwaka uliofuata, mwanzoni mwa 2024. Nilipita taa nyekundu tarehe 7 Juni 2025, nikaamua moyoni mwangu kwamba nitakwenda mahakamani, nikaenda, nikashindwa Oktoba. Nikafikiri kwa kuwa Oktoba miaka miwili imeshapita niko salama. Leo nimepata bahasha ya Swansea na sijaifungua.

Mzee wa Kitonga

Ndugu yangu, ifungue sasa, nipo hapa.

Wanahesabu siku ya kosa. Siku ya hukumu haiangaliwi. Tarehe 7 ilikuwa siku saba kabla ya miaka yako miwili kutimia.

Mpare Mwema

Nimefungua. Ndiyo yenyewe. Kuanzia Jumatano.

Mzee wa Kitonga

Pole sana. Tufanye hivi. Gari uliache mwisho Jumanne usiku, Jumatano usiliwashe hata kwenda dukani, kwa sababu kuanzia siku hiyo huna leseni na bima yako haitakutambua, na hapo tunaongelea kosa jipya kabisa. Leo usiku anza kuomba lena upya DVLA. Ikikufikia tu, weka miadi ya nadharia siku hiyohiyo, usingoje ujisikie uko tayari, maana cheti cha nadharia ndicho kinakuruhusu kuingia kwenye foleni ya mtihani wa barabarani. Kazini waambie wewe mwenyewe kesho asubuhi kabla hawajaangalia rekodi.

Uko mji gani? Kama uko karibu na Reading, kibandiko changu cha L bado ninacho. Sumaku ya nyuma tumeshaibadilisha.

Mpare Mwema

Niko Slough, mkuu. Naomba nije Jumapili.

Mzee wa Kitonga

Njoo na treni. Mke wangu atapika.